Kupangisha Tovuti Nyingi Katika Seva Moja: Kazi Yenyewe na Maneno Yake

Barua iliyoandikiwa mwanafunzi wa shule ya bweni wilayani Magu haipelekwi kitandani kwake. Hutiwa katika sanduku la shule pale posta, na sanduku hilo lina nambari moja tu, ambayo ni ya mwalimu mkuu, ya walimu wenzake, ya wapishi, na ya wanafunzi wote. Anayelifungua huzichukua barua hadi ofisini, akazigawa kwa kusoma majina yaliyoandikwa juu ya bahasha. Nambari ya sanduku ndiyo iliyoifikisha barua shuleni. Jina ndilo litakaloifikisha kwa mwenyewe. Jina likikosekana, barua itakaa ofisini bila kupokewa, ijapokuwa nambari yake ni sahihi kabisa.

Desturi hii yafanana sana na kazi moja ya kompyuta ambayo aghalabu huelezwa kwa Kiingereza peke yake, nayo ni kuziweka tovuti nyingi ndani ya seva moja. Madhumuni ya makala haya ni mawili: kwanza, kueleza jinsi kazi hiyo inavyotendeka, pili, kuyapima maneno ya Kiswahili yawezayo kuitaja. Mambo hayo mawili hayatengani. Ndani ya seva ya namna hiyo kinachoibagua tovuti moja na nyingine si mashine wala nambari, bali ni jina. Na penye jina, mtaalamu wa lugha hakosi la kusema.

I. Seva, nambari na jina

Seva ni kompyuta, au programu iliyomo ndani ya kompyuta, ambayo kazi yake ni kungoja maombi na kuyajibu. Msomaji akitaka kufungua ukurasa, programu anayoitumia, yaani kivinjari, hupeleka ombi. Seva huutafuta ukurasa huo katika majalada yake na kuurudisha. Mpango huu ulipendekezwa na Tim Berners-Lee mwaka 1989 katika kituo cha utafiti cha CERN, karibu na Geneva, na kufikia mwaka 1991 ulikwisha kutangazwa kwa watu wa nje.

Kila mashine iliyo katika mtandao hutambulika kwa nambari. Nambari za mtindo wa zamani, ambazo bado zatumika mahali pengi, ni mafungu manne yaliyotengwa kwa nukta, kwa mfano 192.168.1.10. Kwa kuwa binadamu hukumbuka majina kwa urahisi kuliko nambari, mwaka 1983 Paul Mockapetris alibuni utaratibu wa kuyatafsiri majina kuwa nambari. Msomaji huandika jina. Kompyuta yake huiuliza mashine nyingine, ambayo ni mfano wa daftari la posta, nambari ya jina hilo. Akiisha kuipata, ombi husafiri kwa nambari.

Hapa ndipo palipokuwa na kasoro. Katika mtindo wa kwanza wa maombi ya wavuti, jina lilikwisha kazi mara tu nambari ilipopatikana. Ombi lilifika kwenye seva likitaja ukurasa unaotakiwa, lakini halikulazimika kutaja ni tovuti gani iliyokusudiwa. Ilikuwa kama bahasha yenye nambari ya sanduku bila jina la mtu. Maadamu kila seva ilikuwa na tovuti moja, hapakuwa na madhara. Zilipokuwa mbili, seva haikuweza kujua ni ipi inayoitwa.

II. Njia tatu za kugawana mashine moja

Zipo njia tatu za kuliondoa tatizo hilo. Njia ya kwanza ni kuipa mashine moja nambari nyingi, kila tovuti na nambari yake. Ni sawa na shule kukodi sanduku la posta kwa kila mwanafunzi. Kazi hutendeka, lakini gharama ni kubwa na nambari si nyingi. Nambari za mtindo wa zamani kwa jumla hazizidi 4,294,967,296 kwa ulimwengu mzima, na akiba iliyobaki ya Afrika, inayogawiwa na shirika la AFRINIC, iliingia katika kipindi chake cha mwisho cha ugawaji mwezi wa Januari 2020.

Njia ya pili ni kuitumia nambari ile ile lakini kwa madirisha mbalimbali. Seva husikiliza katika milango yenye tarakimu zake: mlango wa 80 ni wa maombi ya kawaida, na mlango wa 443 ni wa maombi yaliyofungwa kwa siri. Yawezekana kuiweka tovuti ya pili katika mlango wa 8080, na ya tatu katika mlango wa 8081. Njia hii yafaa kwa fundi anayejaribu kazi yake. Haimfai msomaji wa kawaida, kwani yampasa kukumbuka tarakimu za mlango na kuziandika mwishoni mwa jina.

Njia ya tatu ni ya jina. Mwezi wa Januari 1997 ulitolewa mtindo mpya wa maombi, HTTP/1.1, ulioamuru kwamba kila ombi litaje jina la tovuti inayotafutwa, katika mstari unaoanza kwa neno “Host”. Seva ikipokea ombi la mtindo huo lisilokuwa na mstari huo, yapaswa kulikataa. Basi tangu hapo bahasha iliandikwa jina. Programu za seva kama Apache, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1995, na nginx, iliyotoka mwaka 2004, hulisoma jina hilo, hulilinganisha na orodha yake, kisha hufungua jalada la tovuti inayohusika. Tovuti mia zaweza kukaa katika mashine moja yenye nambari moja, na msomaji asitambue kwamba zina ujirani wowote.

Ikabaki taabu moja. Ombi likifungwa kwa siri, ili wapita njia wasilisome, jina nalo hufungwa ndani. Seva hupaswa kuonyesha hati ya utambulisho ya tovuti kabla ya bahasha kufunguliwa, nayo haiwezi kujua ionyeshe hati ya nani. Taabu hii ilitatuliwa mwaka 2003 kwa nyongeza iliyoagiza jina liandikwe tena nje ya bahasha, wakati wa kuamkiana. Lakini kuenea kwake kulichukua miaka mingi, kwa sababu kivinjari cha Internet Explorer kilichotumika katika Windows XP hakikuijua nyongeza hiyo, na mashine za namna hiyo zilikuwa nyingi ulimwenguni hata baada ya watengenezaji wake kuacha kuihudumia mwaka 2014.

III. Mfano wa shule

Na ichukuliwe kwa mfano shule moja ya sekondari katika mji wa Magu, ulio kwenye barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma. Shule ina chumba kimoja cha kompyuta, na fedha ya kununulia intaneti haitoshi mwezi mzima. Walimu wataka vitu vinne: ensaiklopidia ya Kiswahili, mitihani ya miaka iliyopita, orodha ya istilahi za masomo, na hadithi za Kisukuma ambazo wanafunzi wamezikusanya kwa wazee wao. Hapana haja ya seva nne, wala hapana haja ya intaneti. Kompyuta moja kuukuu yatosha, au hata mashine ndogo ya aina ya Raspberry Pi, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 2012, hukaa kiganjani, na hula umeme mchache kiasi cha kuweza kuendeshwa kwa jua.

Ensaiklopidia yapatikana. Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003 nayo ina makala zaidi ya 80,000. Programu ya Kiwix huiweka yote katika faili moja iwezayo kunakiliwa mjini Mwanza na kuletwa Magu mfukoni.

Kazi iliyobaki ina hatua nne. Ya kwanza ni kuipa seva nambari isiyobadilika. Zipo nambari zilizotengwa tangu mwaka 1996 kwa matumizi ya ndani tu, miongoni mwake zile zianzazo na 192.168, na shule yaweza kuzitumia bila kumwomba mtu yeyote. Hatua ya pili ni kuchagua majina. Majina ya nje husajiliwa; nchini Tanzania msajili wa majina yaishiayo na .tz kwa miaka mingi alikuwa tzNIC, iliyoundwa mwaka 2006, na shule za msingi na za sekondari zimetengewa mwisho wa .sc.tz. Majina ya ndani hayana msajili, lakini yafaa yasigongane na ya nje, na kwa sababu hiyo mwaka 2024 mwisho wa .internal ulitengwa ulimwenguni kote kwa mitandao ya ndani. Basi shule yaweza kuwa na elezo.shule.internal, mitihani.shule.internal, istilahi.shule.internal na hadithi.shule.internal.

Hatua ya tatu ni kuyaandika majina hayo manne katika daftari la mtandao wa shule, yote yakielekezwa kwenye nambari moja. Hatua ya nne ni kuiandikia seva orodha yake: kila jina, na jalada la kurasa zake. Seva ikiisha kuwashwa upya, mwanafunzi huandika jina alitakalo na kupata tovuti aitakayo.

Makosa yanayotokea ni machache nayo hurudi yale yale. Fundi huliandika jina katika orodha ya seva, akasahau kuliandika katika daftari la mtandao. Hapo ombi halifiki popote. Ama huandika katika daftari, akasahau orodha. Hapo ombi hufika, lakini seva isipoliona jina katika orodha yake huipeleka barua kwa tovuti ya kwanza iliyoandikwa. Mwanafunzi aliyetafuta hadithi huonyeshwa mitihani, naye hudhani kwamba hadithi zimefutwa. Kosa la tatu ni kuacha nambari ya seva igawiwe upya kila umeme unapokatika na kurudi. Siku itakapobadilika, majina yote manne yatapotea kwa pamoja.

Si haki kuudharau mpango huu kwa kuwa ni wa ndani. Kwa miaka mingi tovuti nyingi za Tanzania zilikaa katika seva za ng'ambo, hata ombi la mtu wa Magu kwa shule ya Magu likavuka bahari na kurudi. Kabla ya waya wa SEACOM kufika Dar es Salaam mwaka 2009, sehemu kubwa ya safari hiyo ilipitia setilaiti zilizo umbali wa kilomita 36,000 kutoka ardhini. Kituo cha kubadilishana mawasiliano ndani ya nchi kilianza Dar es Salaam mwaka 2004, na baadaye miji mingine, Mwanza ikiwamo, ilipata vyake. Hata hivyo, tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, SEACOM na EASSy, zilipokatika, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Siku kama ile, kilichomo ndani ya seva ya shule husomeka kama kawaida. Kilichoko ng'ambo huwa ni jina tu.

IV. Maneno ya kuitaja kazi hii

Kiswahili hakikosi msamiati wa kompyuta. Mwezi wa Desemba 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu za ofisi zilizoitwa Jambo OpenOffice, nao ulilazimika kuyatafutia Kiswahili maneno mengi ya kazi. “Seva”, “tovuti” na “kivinjari” yamekwisha kuzoeleka. Lakini kitendo chenyewe cha kuiweka tovuti katika seva bado hutajwa kwa njia tatu zinazoshindana: kuwa mwenyeji wa tovuti, kuhifadhi tovuti, na kupangisha tovuti.

Neno “mwenyeji” ni tafsiri ya moja kwa moja ya Kiingereza “host”. Neno hilo la Kiingereza lina asili katika Kilatini “hospes”, ambalo lilimaanisha mwenyeji na mgeni pia, kwani wote wawili walifungwa na ahadi moja ya ukarimu. Labda ndiyo sababu Mwingereza haoni ajabu kwamba mstari uitwao “Host” katika ombi hautaji mashine yenye nyumba, bali hutaja tovuti inayokaa ndani yake. Kwa Mswahili, mwenyeji ni mwenyeji na mgeni ni mgeni, na methali zake hazimruhusu mgeni kukaa siku nyingi bila kushika jembe. Tovuti hukaa miaka. Basi kuiita mgeni ni kuivunja maana ya neno, na kumtaja mwenyeji bila mgeni ni kuacha nusu ya uhusiano.

“Kuhifadhi” ni neno zuri, lakini latosha kwa nusu ya kazi. Mtu aweza kuzihifadhi kurasa zote za tovuti ndani ya kabati, na wala asimjibu msomaji hata mmoja. Neno hilo lafaa kwa majalada na nakala za akiba. Halifai kwa seva inayongoja na kujibu.

“Kupangisha” ndilo linaloelekea kushinda kwa nguvu zake. Kitenzi “panga”, kwa maana ya kukodi chumba, humleta mpangaji. “Pangisha” humleta mwenye nyumba. Na kutokana na shina hilo moja hupatikana upangaji, upangishaji na mpangishaji, bila kuazima kitu. Tena picha yake ni ya kweli: nyumba moja, vyumba vingi, kila mpangaji na ufunguo wake, na wageni wote huingia kwa lango moja wakitaja jina la wanayemtafuta. Pingamizi ni mbili. Ya kwanza ni kwamba “panga” pia ni kuweka kwa taratibu. Lakini “pangisha” katika matumizi ya kila siku yaelekea moja kwa moja kwenye nyumba, hata msikilizaji hashiki njia mbaya. Ya pili ni kwamba tovuti za shule hazilipi kodi. Hilo halina uzito, kwani “barua pepe” nayo haina karatasi wala stempu.

Njia ya tatu iliyoelezwa juu yaweza basi kuitwa “upangishaji kwa jina”, ya kwanza “upangishaji kwa nambari”, na ya pili “upangishaji kwa mlango”. Kiingereza hukiita kila kimoja cha vyumba hivyo kwa neno lenye maana ya kitu kisicho na umbo halisi, na baadhi ya watafsiri wamevutwa kusema “seva pepe”. Yafaa kujihadhari. “Seva pepe” hutumika kwa jambo jingine, yaani mashine nzima inayoigizwa ndani ya mashine nyingine, ikiwa na kumbukumbu yake na programu zake. Katika upangishaji kwa jina hapana mashine inayoigizwa. Pana orodha ya majina na majalada. Neno moja likibebeshwa mambo mawili, mwanafunzi atayachanganya, na mwalimu hatajua kosa limeanzia wapi.

Neno la mwisho ni “kikoa”, linalotumika sasa katika “jina la kikoa”, yaani eneo la majina lililo chini ya msajili mmoja. Kikoa cha asili ni mapatano ya watu wanaokula pamoja kwa zamu, kila mmoja akitoa chakula siku yake. Maana ya chombo kimoja chenye walaji wengi imekwisha kufifia katika istilahi mpya, na pengine ni hasara, kwani tovuti zinazogawana mashine moja ndizo hasa zilizo katika kikoa cha zamani.

V. Tahajia ya jina

Limebaki jambo ambalo mafundi hulipita haraka, nalo ndilo linaloihusu Magu kuliko yote. Ikiwa jina ndilo mpaka pekee baina ya tovuti na tovuti, basi herufi zinazoruhusiwa katika jina zina uzito mkubwa. Utaratibu wa kawaida wa majina hukubali herufi 26 za Kiingereza, tarakimu, na kistari. Herufi kubwa na ndogo huhesabiwa kuwa sawa, nafasi baina ya maneno haikubaliwi, na kila kipande hakiwezi kuzidi herufi 63. Ritifaa haimo. Majina yenye herufi za lugha nyingine yaliruhusiwa kwa kanuni za mwaka 2003, lakini ritifaa ya kawaida haikupata nafasi hata hapo.

Kwa Kiswahili hasara ni ndogo lakini ipo. “Ng'oa” na “ngoa” ni maneno mawili: la kwanza ni kutoa kwa mzizi, la pili ni wivu au tamaa. Yakiwa majina ya tovuti, yote mawili huwa “ngoa”. Kwa Kisukuma hasara ni kubwa zaidi, kwa sababu nazali ya kaakaa laini hutokea kila mahali, pamoja na “w” kama katika “ng'wana”, au kwa mpumuo kama katika jina la kata ya Ng'haya, iliyo katika wilaya hiyo hiyo ya Magu. Shule itakayotaka kuiita tovuti yake kwa jina la Ng'haya italazimika kuandika “nghaya”, na msomaji asiyeijua kata hiyo hataweza kulitamka sawasawa.

Dawa iliyopo haiponyi kabisa, lakini yapunguza madhara. Jina la nje liandikwe bila ritifaa kwa kanuni moja inayofuatwa na wote, na katika kichwa cha kila ukurasa jina lenyewe liandikwe kwa tahajia kamili. Fundi akipenda, katika seva aweza kuliandikia jalada moja majina mawili, “nghaya” na “ng-haya”, ili msomaji aliyejaribu tahajia yoyote ya hizo afikishwe mahali pamoja. Kwa seva ni mstari mmoja wa nyongeza, mradi majina yote mawili yamo katika daftari la mtandao. Lisilofaa ni kuacha kila shule ijitungie kanuni yake. Katika lugha ambayo maandishi yake bado ni machache, tahajia inayoonekana kwenye mlango wa tovuti ndiyo itakayoigwa, na baada ya miaka michache yaweza kuonekana kuwa ndiyo sahihi.

Kwa hiyo kazi hii ya kompyuta yadai mambo mawili kwa wataalamu wa lugha. Yadai istilahi chache zilizopatanishwa mapema, kabla vitabu vya mafundi havijatapakaa na maneno yanayopingana. Na “pangisha” pamoja na jamaa zake yafaa kuwa mwanzo. Tena yadai kanuni ya kuandika majina ya lugha zetu pale ambapo ritifaa hairuhusiwi. Mashine yenyewe haina upendeleo: italipeleka ombi kwa jina lolote iliyopewa, likiwa limeandikwa vizuri au vibaya.